Mtoto Aliyesubiri Bila Maji

Asubuhi chupa yangu ya uzazi ilipopasuka, nilikuwa nimesimama uani mwa shule ya msingi ya Yangambi, mbele ya watoto wa darasa la tatu. Tulikuwa tukiimba na kucheza mbele ya bendera, kama shule zote za Zaire zilivyofanya miaka ile. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba. Nilisikia kitu kama uzi unaokatika ndani yangu, kitu kidogo, hakikuuma, halafu joto likateremka miguuni. Nilidhani nimejikojolea. Niliona haya, nikabana mapaja na kuendelea kuimba mpaka mwisho, kwa sababu mkuu wa shule alikuwa akitutazama, na mwalimu ambaye haimbi aliitwa ofisini kujieleza.

Ninaanzia hapo kwa sababu wanawake wengi niliozungumza nao baadaye walianzia hapohapo, kwenye haya. Wanadhani ni mkojo. Wanabadilisha nguo, wanarudi kazini. Dada yangu unayesoma haya, ukibana na maji yasikome, ukiyanusa na yasiwe na harufu ya mkojo bali ya kitu kitamu kidogo, kama maji ya muwa, usibadilishe nguo ukarudi kazini. Ita mtu.

Mimi nilimwita mume wangu. Baruti alifanya kazi kwenye kituo cha kilimo, katika vitalu vya kahawa, akaja akikimbia na udongo mikononi. Hatukuwa na mtoto bado. Tulikuwa tumengoja tangu harusi, na ndugu zake walikwisha kuanza kuuliza mwanamke wa Kiislamu wa mjini aliletwa mtoni kufanya nini. Muuguzi wa zahanati ya kituo alinitazama, akasema kitu kimoja tu: boti ya kituo inakwenda Kisangani mchana huu, mpakieni akiwa amelala.

Nikalazwa juu ya magunia, chini ya turubai. Mama mkwe alikaa kichwani pangu, Baruti miguuni. Safari hiyo naikumbuka kama mtu anavyokumbuka kitu alichokiona usingizini. Mto ulikuwa mpana na wenye rangi ya chai. Magugu ya maji yalikuwa yakiteremka kwa makundi na maua yao ya zambarau, na kwa kuwa nililala chali, niliyaona tu yalipokuwa mbali, kando ya macho, kama visiwa vilivyoamua kuhama. Injini ilinguruma chini ya mgongo wangu. Kila mtoto alipocheza nilihisi maji mengine yakitoka, na nikawa namwomba kimya kimya atulie, asijimwage. Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika.

Wodi ya wazazi ilikuwa ndefu, na kitanda changu kiliwekwa chini ya dirisha. Mkunga mkuu, Mama Ndjale, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alininyanyua miguu, akaweka matofali chini ya kitanda upande wa miguuni, akanieleza maisha yangu mapya.

"Hapa utalala tu. Kula, utakula umelala. Kuongea na bwana, utaongea umelala. Kazi yako ni kulala, donc, basi, ifanye muzuri."

Siku iliyofuata daktari alikuja. Aliongea Kifaransa kwa haraka, na ingawa nilikielewa, Mama Ndjale alimgeuzia mama mkwe maneno yale kwa Kiswahili. Njia zilikuwa mbili. Wanaweza kuanzisha uchungu sasa, nami pengine nitabaki mzima, lakini mtoto ana mapafu machanga, na hapa hapakuwa na mashine ya kumpumulia. Au tungoje, nichomwe penisilini, kila siku atakayokaa ndani ni faida kwake. Lakini mlango ulikuwa wazi sasa, na uchafu unaweza kupanda. Ukipanda, utatupata sisi wote wawili.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema watoe.

Niliumia. Nilidhani ananipa talaka mapema. Alipoona uso wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani, akaniambia habari ambayo Baruti hakuwahi kunieleza. Binti yake mkubwa, dada yake Baruti, alipasukiwa hivihivi, kijijini, na wazee wakasema wangoje. Wakangoja. Homa ikaja.

"Miye sikatae mutoto," alisema. "Nakataa kuzika tena."

Baruti alisimama dirishani akitutazama, mama yake na mkewe, kisha akageuka kutazama nje. Nilimwonea huruma, na wakati huohuo nilitamani nimrushie kikombe. Mwishowe nilimjibu mama mkwe mwenyewe. Nilimwambia homa ikija, nitakubali. Isipokuja, aniache na mtoto wangu. Hakufurahi, lakini alikwenda uani kunipikia.

Hivyo nikawa mtu wa kulala. Baruti alirudi Yangambi kazini, akawa anakuja boti ilipokuja. Mama mkwe alibaki, akilala kwenye mkeka katika banda la jamaa za wagonjwa, akipika sombe, yaani majani ya muhogo, na ndizi juu ya mafiga matatu. Baba yangu, Papa Ramazani, ambaye alikuwa fundi cherehani mjini, alipita kila alasiri baada ya sala, akakaa kwenye kiti na kofia yake magotini. Hakuuliza maswali. Alinisimulia nani ameshona nini.

Mwili wangu ulianza kubadilika. Tumbo lilinywea. Bila maji, ngozi ilimkumbatia mtoto kama nguo iliyolowa, nikawa naweza kuliona goti lake likipita chini ya mkono wangu, polepole, kama samaki anayepita mahali pasipo na kina. Miguu ilikonda. Nywele zilinyonyoka nyuma ya kichwa, pale palipogusana na mto. Kila asubuhi Mama Ndjale alichukua kitambaa changu, akakipeleka kwenye mwanga, akakinusa, halafu akanipa kipima joto. Uso wake ulikuwa ndio habari yangu ya siku. Ukibaki vilevile, nilikuwa nimepewa siku nyingine.

Kati ya asubuhi moja na nyingine hapakuwa na kitu, ila dirisha. Niliona kilele cha mchikichi, na mawingu. Nilisikia king'ora cha meli ya Kinshasa ikifika bandarini, na baadaye wodi nzima ikanuka samaki wa moshi, kwa hiyo nikajua kuwa meli imepakua. Nilisinzia nikiamka, nikiamka nikisinzia. Mara nyingine nilidhani bado niko ndani ya boti, na wodi inateremka taratibu na vitanda vyake vyote, na sisi wanawake tunasafirishwa kwenda mahali ambapo hakuna aliyetutajia jina lake. Haikuwa hofu. Ilikuwa kama kusubiri ndani ya pamba. Nilimwambia mtoto mambo mengi wakati ule. Nilimweleza rangi ya mto, kwa vile yeye alikuwa amenyang'anywa maji yake kabla hajayajua.

Msimu wa viwavi vya kuliwa ulifika, wanawake wakawa wanapita uani na makapu, na ndipo Bolumbu alipoletwa kwenye kitanda cha jirani.

Alikuwa muuza samaki sokoni Makiso, kijana kuliko mimi, mwenye mabega mapana. Maji yake yalikuwa yametoka akiwa kwenye meza yake ya samaki. Alijifunga kitambaa akaendelea kuuza, siku baada ya siku, kwa sababu hayakuuma na samaki hangoji. Alikuja alipoanza kutetemeka. Mvulana wake alizaliwa akipumua, nami nilimsikia, kwani pazia lilikuwa jembamba. Kufika alasiri alikuwa ameacha.

Hapakuwa na kitanda kwingine, basi Bolumbu akabaki pale, na homa yake na sindano zake, kando ya mwanamke ambaye bado alikuwa na mtoto tumboni. Nilidhani atanichukia. Niligeuzia uso wangu dirishani ili asilazimike kuniona. Siku ya tatu au ya nne, sijui, nilisikia mkono kwenye nywele zangu. Alikuwa ameshika kitana.

"Kichwa yako imekuwa mubaya sana," alisema. "Acha nikutengeneze."

Alinisuka nikiwa nimelala, upande mmoja kisha mwingine. Alikata bua la jani la mpapai, akanitengenezea mrija wa kunywea maji bila kuinua shingo. Hakumtaja mwanawe. Lakini maziwa yalikuwa yamemjaa, hayakujua kuwa hayana mwenyewe, na kila asubuhi alifunga kifua kwa kitenge, akakaza, na hata hivyo kitenge kikalowa. Niliona, naye aliona kuwa nimeona.

Viwavi vikaisha. Mvua kubwa zikaanza kupiga bati mchana, kiasi kwamba watu waliacha kuongea wakangoja zipite. Katika mchana mmoja wa namna hiyo nilihisi baridi. Haikutoka dirishani. Ilianzia ndani ya mifupa. Mama Ndjale alikuja, akanusa kitambaa, na uso wake ukabadilika.

Sikuhitaji kipima joto. Nilimtafuta mama mkwe kwa macho. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na sufuria ya uji mkononi. Nilimwambia imekuja, Mama. Akaweka sufuria chini, akanishika mguu, na hakuuachia mpaka waliponichukua.

Wakanitundikia dawa ya uchungu. Binti yangu alizaliwa kabla mvua haijakatika. Nilimwona kwa muda mfupi tu: mwekundu, mwenye ngozi ambayo mishipa ilionekana chini yake, masikio laini yaliyokunjika kama majani mapya. Alilia. Kilio chenyewe kilikuwa chembamba kama bawaba ya kabati, lakini kilitoka, na Mama Ndjale aliposikia alicheka kwa sauti, akisema mapafu yamengoja vya kutosha. Sanduku la kioo la kutunzia watoto kama yeye lilikuwepo, ila umeme ulikuja na kuondoka kama ulivyotaka. Basi walimfunga kwa pamba, wakamzungushia chupa za bia zilizojazwa maji ya moto na kuvikwa soksi.

Baada ya hapo mimi sikuwepo.

Ninachokumbuka si siku, ni mto. Uliingia wodini kupitia dirisha langu, bila kishindo, maji ya rangi ya chai yakapanda mpaka kwenye godoro na kunibeba. Magugu yenye maua yalizunguka kitanda. Nilimwona dada yake Baruti, ambaye sikuwahi kumjua, amekaa kwenye ukingo wa mto akiosha vyombo, akaniangalia bila kunikaribisha. Nilisikia watu wakijadiliana kwa Kifaransa juu yangu, sauti zao zikitoka juu ya maji nami nikiwa chini yake. Nilijua kwamba kuna kitu nimekisahau mahali fulani, kitu kidogo chenye masikio, na kila nilipokaribia kukumbuka ni kipi, mkondo ulinigeuza.

Nilipotoka humo, ilikuwa asubuhi yenye jua. Nilikuwa na jeraha kutoka kitovuni kushuka chini, na mdomo mkavu kama majivu. Mama mkwe alikuwa akinipangusa mikono kwa kitambaa. Kwenye kitanda cha jirani Bolumbu alikuwa ameketi, kitenge kimefungwa juu ya kifua chake, na ndani ya kitenge, ngozi kwa ngozi, kichwa kidogo kuliko chungwa kubwa.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza. Siku niliyopelekwa kupasuliwa, mtoto hakuwa na chochote cha kunywa, na Mama Ndjale, mwanamke asiyeogopa jambo lolote, aliogopa kumwomba mtu aliyetoka kuzika. Bolumbu ndiye aliyeuliza mtoto wa Mwavita, yaani wangu mimi, anakunywa nini. Walipokosa jibu, alifungua kitenge chake, akakamulia maziwa kwenye kikombe. Yakapitishwa tone kwa tone kwenye mpira mwembamba wa puani. Baadaye, chupa zilipokuwa zikipoa kabla ya maji mengine kuchemka, alimweka kifuani. Alikuwa ameruhusiwa kurudi kwake. Hakwenda.

Natamani ningesema kuwa nilishukuru. Nilishukuru baadaye. Asubuhi ile nilihisi wivu uliokuwa mkali kuliko jeraha. Maziwa yangu yalikuwa yamekauka na homa. Mtoto aliponusa, alinusa ngozi ya mwanamke mwingine. Bolumbu alisimama, akaja polepole akishikilia ukuta, akamtoa na kumlaza juu ya kifua changu, akimfunika kwa mkono wake mpaka mtoto alipoacha kushtuka.

"Ni wako," aliniambia. "Nilikuwa nakuchungia tu."

Siku iliyofuata daktari alikuja kunieleza kilichobaki. Uchafu ulikuwa umeshika mfuko wa uzazi, na ili nibaki hai waliutoa mfuko wenyewe. Riziki, ndivyo tulivyomwita binti yetu, angekuwa wa kwanza na wa mwisho. Mama mkwe alikuwepo. Alikuwa na haki ya kusema alikwisha kutuonya. Alikuwa ameonya kweli, na alichokiogopa ndicho kilichokuja. Mimi nami nilikuwa na haki, kwa sababu mtoto alipumua. Nimelifikiria hilo kwa miaka, na sijapata namna ya kuligeuza ili mmoja wetu awe amekosea. Wewe ukiambiwa uchague, watu watakuambia kuna njia nzuri na njia mbaya. Huenda zote mbili zinakudai kitu.

Tuliporudi Yangambi, wajomba wa Baruti walikuja mapema sana kuulizia mke wa pili. Baruti aliwaambia hataki, lakini kwa sauti ndogo, na wao walizoea sauti yake ndogo. Mama mkwe ndiye aliyetoka jikoni. Aliwaambia yeye amezaa wengi na kuzika wengi, na huyu mmoja anapumua, kwa hiyo wamalize pombe yao waende. Wakamaliza, wakaenda. Baruti na mimi tulichukua muda mrefu kurudiana kama mume na mke. Aliogopa kovu langu. Nami sikujua mwili huu mpya ni wa nani, mwepesi hapa, mzito pale, ukilia machozi bila kuniuliza. Ilipita misimu miwili ya mvua kabla hatujacheka pamoja kwa jambo lisilohusu mtoto.

Riziki sasa yuko darasa la pili. Kifua chake ni dhaifu, msimu wa mvua anakohoa, na alichelewa kutembea kiasi kwamba majirani walianza kunihurumia. Anaimba vibaya mno. Hasikii vizuri kwa sikio la kushoto, na akitaka kukusikiliza anakugeuzia la kulia, na watu wanadhani ana maringo. Nawaambia wanawake haya pia, kwa sababu sisi tunaorudi na mtoto tunapenda kusimulia kama vile kurudi ndiko kulikomaliza mambo.

Lakini siku ninayotaka kuwaachia ni siku tuliyotoka hospitali.

Riziki alikuwa ameanza kunyonya mwenyewe, kwa Bolumbu, nami nilikuwa nimejifunza kukaa karibu yao bila kugeukia dirisha. Mama Ndjale alikuwa ametuonyesha namna ya kumpa maziwa ya kopo tukifika Yangambi. Vitu vyetu vilifungwa. Baruti alikuwa amekwenda kuulizia boti. Bolumbu naye alikuwa amevaa nguo ya kurudi nyumbani, amesimama mikono mitupu, kama mtu ambaye kazi yake imekwisha na hajui atoke kwa mlango upi.

Baba yangu aliingia. Hakukaa kwenye kiti chake. Alivua kofia, akaenda mbele ya Bolumbu, akamsalimia kama anavyosalimiwa mama mwenye umri wake mwenyewe. Bolumbu alitaka kupiga goti, naye akamzuia. Akamweleza kwamba kwetu sisi Waislamu, mwanamke akimnyonyesha mtoto hivi, anakuwa mama yake. Si maneno ya shukrani, ni sheria, na haifutiki. Watoto atakaowazaa watakuwa ndugu wa Riziki, hawataweza kuoana naye kamwe, na mlango wa nyumba yake yeye Ramazani ni mlango wa ndugu.

Bolumbu alisikiliza akitazama sakafu. Uani wanawake walikuwa wakitwanga sombe, na sauti ya vinu ilikuwa ikija na kwenda.

"Papa," aliuliza mwishowe, "na ule wangu mwenye alikufa?"

Baba hakufikiria hata kidogo.

"Ule naye ni ndugu yake. Ni kaka yake mukubwa."

Bolumbu aliketi kitandani. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile ya pazia, na sasa machozi yalitoka bila sauti na bila kuukunja uso wake, kama maji yaliyopata pa kupita. Hakuyafuta. Alinyoosha mikono nami nikampa mtoto. Alimsogeza karibu mpaka mdomo wake ukagusa sikio la kulia, akamwambia jina la kaka yake. Hakuwa amemtajia mtu jina lile, hata daktari. Nililisikia. Sitaliandika hapa, ni la kwao.